Mwaka wa Sikio la Kushoto

Ninafundisha darasa la tatu katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Urambo, na kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza swali lile lile kabla wiki ya kwanza haijaisha: "Mwalimu, sikio lako limefanya nini?" Nawajibu kwamba liliugua, likapona. Watoto huridhika. Wakubwa ndio hawaridhiki. Mwaka huu wanawake wawili wamenifuata nyumbani. Mmoja ana binti ambaye sikio lake limevimba baada ya kutogwa; mwingine amejifungua mtoto mwenye sikio lililojikunja kama jani la tumbaku lililokosa maji. Niliwaeleza kwa kifupi kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, lakini walipoondoka nilijiona nimewapunja. Niliwapa habari za dawa na daktari, nikaiacha ile sehemu iliyoniumiza kuliko sindano zote. Hapa nitaisema.

Nilizaliwa Ng'ambo, Tabora mjini. Baba alikuwa akinunua asali na nta kutoka kwa warina asali wa misituni, na nyumba yetu nzima ilinukia nta, mpaka mito ya kulalia. Mama yake Baba, Bibi yetu, aliitwa Bi Raya. Watu wa kwao walikuwa Waarabu wa Oman waliofika Tabora na misafara, wakafungua maduka, wakazaa, wakazikwa hapo hapo. Aliishi peke yake nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama yangu ni Mnyamwezi wa Nzega. Ndoa yake na Baba ilikubaliwa kwa shingo upande, na ingawa miaka ilikuwa imepita, yeye na Bibi waliheshimiana kwa mbali, kama watu wanaokutana kwenye foleni ya posta.

Bibi alikuwa na matundu matano katika kila sikio, kuanzia ndewe hadi juu kabisa, na kila tundu lina pete yake ndogo ya fedha. Binti za ami zangu walikuwa nayo. Mimi nilikuwa na tundu moja moja la utotoni. Baba alikuwa amesema wazi: "Zuwena atamaliza shule kwanza. Akimaliza, kama bado anayataka, tutaongea." Nilikuwa na miaka kumi na minne, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa miezi miwili mbele, na harusi ya binti ami yangu ilikuwa wiki mbili mbele. Mnaweza kukisia ni kipi kilichokuwa kinanikosesha raha.

Nilikwenda kwa Bibi. "Bibi, nitoge."

"Baba yako kasemaje?"

Sikujibu, akanirudisha nyumbani. Siku ya pili nikaenda tena, akauliza vile vile, nikarudi tena. Siku ya tatu nikamwambia, "Baba amekubali."

"Amekubali kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Bibi. Jana, tukila."

Aliniangalia, kisha akaenda kutafuta sindano. Naomba msomaji akumbuke kwamba Bibi aliuliza mara tatu.

Aliichoma sindano kwenye moto, akaweka kipande cha muhogo mbichi nyuma ya sikio, akatoboa. Matundu matatu kulia, matatu kushoto, ya juu yakiwa kwenye ule mfupa laini unaolipa sikio umbo lake. Akapitisha uzi uliolowekwa mafuta. "Asubuhi na jioni unakuja hapa, nayaosha kwa maji ya chumvi," alisema. "Usiyashike na mikono yako."

Sikwenda. Ningewezaje kwenda asubuhi na jioni bila Mama kuuliza? Nilivaa ushungi, nikaubana kwa pini, nikawa nayaosha mwenyewe kisimani harakaharaka, kwa mikono ile ile aliyonikataza. Hesabu zangu zilikuwa rahisi: siku ya harusi nitavua ushungi mbele ya wageni, Baba hatanigombeza mbele ya watu, na baadaye hasira itakuwa imepoa.

La kulia lilipona. La kushoto, siku ya tano, likaanza kuwasha. Siku ya saba likawa zito. Siku ya harusi lilikuwa limevimba kiasi kwamba uzi wa juu ulikuwa umezama ndani ya nyama, nami nikakaa shughuli nzima nimejifunika, binti za ami zangu wakicheka na kupigiwa vigelegele, mimi nikisikia moyo wangu ukidunda ndani ya sikio. Sikula hata wali.

Kesho yake niliamka na homa. Mama aliinama kunipa maji, akasimama ghafla. Alinusa kabla hajaona. Alifungua pini, akatoa ushungi taratibu kwa sababu ulikuwa umegandana na usaha, akapiga ukelele mmoja tu kwa Kinyamwezi. Baba akaja mbio, na Bibi akaitwa.

Nilikuwa nimelala mkekani. Baba alisimama mlangoni.

"Mama, nani alikupa ruhusa ya kumtoga huyu mtoto?"

Bibi aligeuza macho, akanitazama. Hapo ndipo alipojua. Niliona kabisa kwamba amejua, na nikasubiri aseme. Nilijikunja mkekani, nikamkwepa Baba kwa macho.

"Hakuna aliyenipa," alisema Bibi. "Niliamua mwenyewe. Ni mjukuu wangu."

"Na ni mwanangu," Mama alisema. Aliingia ndani, akatoka na khanga mbili, moja akanifunga kichwani, akamwambia Baba, "Twende hospitali, Kitete." Alipompita Bibi mlangoni alisema bila kumtazama: "Huko usitufuate."

Nami nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

*

Kitete tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Sijui kama wote huona hivyo, lakini kwangu benchi lilikuwa gumu kuliko kitanda. Kitandani unajua wewe ni mgonjwa. Benchini kila anayepita anakuangalia, na wewe unamwangalia mwenye mtoto asiyepumua vizuri, unajiuliza una haki gani ya kukaa mbele yake kwa ajili ya sikio.

Walinipasua siku ile ile, nyuma ya sikio na mbele, usaha ukatoka. Walininyoa nywele upande wa kushoto. Baada ya hapo ikawa sindano za penisilini, matako yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, na kila asubuhi kidonda kusafishwa. Hilo la kusafishwa sitalipamba. Wanaweka shashi ndani ya kidonda, na kesho yake wanaivuta kwa koleo. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa Igunga aliyeungua mguu kwa uji. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kusimama, lakini kitanda chake kilikuwa kimepakana na changu miguuni, na kila nilipokuwa nasafishwa alinyoosha mkono, akanishika vidole vya miguu, akavibana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kisukuma sikukijua. Nimesahau sura za madaktari wengi lakini mkono ule ningeutambua leo hii.

Sista wa wodi aliitwa Magdalena, mtu wa Urambo. Asubuhi ya kwanza alipomsikia Mama akinung'unika peke yake, alimgeukia akasema, "Mwangaluka, mayu." Mama alilia. Hakuwa amelia tangu nyumbani. Kusalimiwa kwa lugha ya kwao katikati ya harufu ya dawa kulimfungua, na tangu siku ile Sista akawa mtu wetu.

Bibi alikuja kila siku. Alikatazwa kutufuata, kwa hiyo hakuingia. Alikaa nje karibu na lango, na buibui lake, na bakuli la uji wa mchele alilolifunga kwa kitambaa. Alimpa mfagizi auingize. Mama alilijua lile bakuli, lilikuwa na maua ya buluu. Aliupokea uji, akaninywesha, akaosha bakuli, akalirudisha kwa mfagizi. Hakuna neno lililotumwa pamoja nalo. Kila kijiko nilikimeza na uongo wangu.

Mnisamehe nisirefushe hapa. Kila siku nilijiambia nitasema kesho, homa ikishuka. Homa ikashuka. Nikajiambia nitasema kidonda kikifunga.

Mvua za kwanza zilinyesha nikiwa wodini, na kidonda kikafunga, na hapo ndipo sikio lilipoanza kunyauka. Usaha ulikuwa umekula ule mfupa laini. Kila asubuhi nilipapasa nikalikuta limejikunja zaidi kuelekea ndani. Niliomba kioo kwa Sista, akaninyima. Nikajitazama kwenye sahani ya bati. Nilikuwa na sikio moja na kitu kingine kama tende.

Sista Magdalena alimwita Mama. "Mayu, mimi si daktari wa mambo haya. Lakini nimewahi kuwa wodi ya wazazi. Watoto wengine huzaliwa na sikio limekunjika, na likiwahiwa siku zile za mwanzo, bado laini, tulikuwa tunalinyoosha kwa pamba na plasta, wiki mbili tatu, likakaa. La huyu limeshakua, halitatii kama la mtoto mchanga. Ila kovu bado bichi. Tukilipa kitu cha kulizuia lisijikunje, pengine tutaokoa nusu. Daktari nimeshamwuliza, amesema tujaribu."

"Kitu gani?"

"Kitu laini kikipashwa moto, kigumu kikipoa. Nilikuwa nafikiria nta."

Mama alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nta? Dada, nta ndiyo tunayolalia."

Baba alileta tonge la nta safi, ya manjano, lililochujwa mara tatu. Sista aliichemsha, akaiacha ipoe hadi ikawa ya kufinyangwa, akaifunga kwa shashi ili isiguse kovu, akaifinyanga kwa kutazama sikio langu la kulia. Alikunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kipande kimoja mbele, kimoja nyuma, bendeji kuzunguka kichwa. "Masika yote," alisema. "Huitoi ila nikiitoa mimi."

Niliruhusiwa nyumbani, nikafanya mtihani nikiwa na kichwa kama kibuyu kilichofungwa kitambaa. Katikati ya karatasi ya hesabu nyuki aliingia dirishani, akazunguka darasa zima, akaja kutua juu ya bendeji yangu. Nilikaa kimya mpaka alipochoka. Nilifaulu, si kwa alama za kujisifu.

Bendeji iliwasha. Chini yake kulikuwa na joto, na mvua zilipokuwa zinakatika jasho lilitiririka hadi shingoni. Kila Jumatatu Sista aliifungua, akalitazama sikio, akaipasha nta upya, akafunga. Wiki nyingine tulisubiri hadi saa nane. Nyumbani sikukuu ya Idi ilipita, na Mama, ambaye kila mwaka alikuwa akienda kumsalimia mama mkwe wake na sinia la maandazi, hakwenda. Baba alikwenda peke yake. Alirudi, akakaa sebuleni, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

*

Mvua zilipokwisha Sista alitoa nta kwa mara ya mwisho. Nusu ya chini ilikuwa imekaa. Nusu ya juu ilikuwa imeshindikana: ilikuwa imelala na kushikana na ngozi ya kichwa, na kovu lilikuwa linavuta. Sikuweza kulalia upande ule. Nikitafuna, linavuta. Nikivaa ushungi, linauma. Nisipovaa, watu wanatazama. Sekondari nilichagua dawati la ukutani ili sikio la kushoto litazamane na ukuta.

Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Biashara ya nta ilikuwa imechukuliwa na ushirika, na Baba alikuwa amepewa kazi ya kupima kwa mizani huko huko. Watu walikuwa wanaongea sana juu ya jasho na anasa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema kwa jumla, alisikia kwamba nitapasuliwa tena, akamwuliza Baba barazani, "Kitanda cha hospitali ya umma, ndugu, kwa sikio la mapambo?" Baba alijibu kwamba daktari ndiye ataamua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na jambo baya ni kwamba nilikubaliana na balozi. Nilikuwa nimeyataka mapambo. Sasa nitachukua kitanda cha mtu kama yule mama wa Igunga.

Daktari wa upasuaji alikuwa akija Tabora kwa treni, mara moja kwa miezi kadhaa. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye Kiswahili cha pwani. Alilishika sikio kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, nikaruka.

"Linakuuma kila siku?"

"Ndiyo, Daktari."

"Upande huu unalala?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Basi wewe ni mgonjwa," alisema, akaandika. Nilitaka kumbusu mkono. Kama unasoma haya na kuna mtu amekuambia sikio si ugonjwa, mwambie kuhusu daktari yule.

Alinieleza atakachofanya. Atalikata kovu, atalinyanyua sikio, atatia kipande cha mfupa laini kulisimamisha, na ngozi ya kuziba nyuma. "Halitakuwa kama lile la kulia," alisema. "Nitakupa sikio la kulalia. Uzuri ukija, tutashukuru."

Siku ya upasuaji tulikaa tena benchini, mimi na Mama, Baba akiwa kazini. Tulikuwa tumeshakaa kitambo Bibi alipoingia. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amevaa buibui lake jipya, akatusalimu, akakaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya watu watatu kati yake na Mama. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mjukuu wangu." Mama aliangalia mbele.

Daktari alitoka kunionyesha kwa kalamu pale atakapochukua kipande. "Hapa, nyuma ya sikio la kulia. Kovu halitaonekana."

"La kulia?" Mama alishtuka. "Lile zima?"

"Ndilo lenye tulichopungukiwa."

"Na likiharibika nalo?"

Bibi alisimama. "Daktari, chukua langu."

Sote tulimtazama. Alikuwa ameshafunua kichwa hadi shingoni, mwanamke ambaye sijawahi kumwona na nywele wazi mbele ya mwanamume. Masikio yake yalikuwa matupu. Alikuwa amevua pete zote kumi nyumbani, tayari.

"Mimi ni mzee," alisema. "Yote mawili, ukitaka. Mtoto abaki na lake."

Daktari hakucheka. Alimwambia kwa adabu, "Mama, mwili wa mtu haupokei cha mwingine. Hata cha bibi yake. Kingeoza." Kisha akaingia ndani kunawa mikono.

Bibi alibaki amesimama. Mama, kwa sauti ndogo isiyo na ukali wowote, akasema, "Sikio moja la mwanangu umeshalichukua. Sasa unataka tukushukuru?"

Bibi akajifunika taratibu. Alikuwa anatafuta pini ya buibui, haioni, na ilikuwa palepale kifuani.

"Mama," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Baba amekubali."

"Nini?"

"Bibi alikataa. Mara mbili. Nikamdanganya kwamba Baba amekubali. Aliniuliza tena, nikamdanganya tena. Aliniambia nije anioshe, sikwenda. Hakuna alichokosa."

Mama alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akamtazama Bibi. "Ni kweli?"

"Muache," alisema Bibi. "Anakwenda kupasuliwa."

Wakati huo Sista Magdalena alifungua mlango akaita jina langu, nikaingia, nikawaacha wawili wale benchini na nafasi ya watu watatu kati yao.

Walinichoma ganzi. Nilikuwa macho, kitambaa usoni, na sikio ndilo lililokuwa linakatwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mkasi ukikata karibu na sikio hutoa sauti kama mtu anayetafuna figili. Nyuzi zikipita zinakwaruza. Hakukuwa na maumivu, ila kuvutwa. Sista alikuwa ameweka mkono wake juu ya kifua changu, na nilihesabu pumzi zangu chini yake. Ni ajabu, lakini nilikuwa mwepesi. Nilikuwa nimetapika kitu nilichokaa nacho tumboni karibu mwaka mzima.

Nilipotolewa nje Mama alikuwa peke yake. "Bibi yako amekwenda nyumbani," alisema.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Mama alinilisha, alinigeuza, aliniosha miguu, na hakuongea nami. "Kunywa." "Inua mkono." "Lala." Baba aliambiwa, alikuja wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Ningekugombeza siku mbili, Zuwena. Siku mbili tu, halafu ingekwisha." Akaondoka na macho mekundu. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na ilitosha.

Siku ya kumi bendeji ilifunguliwa. Sista hakuninyima kioo safari hii. Sikio lilikuwa jekundu, limejaa nyuzi, dogo kuliko mwenzake, na sehemu ya juu ilikuwa imepinda kidogo kama ukingo wa chapati. Lakini lilikuwa limesimama peke yake, limeachana na kichwa. Wekundu ulichukua miezi sita kwisha. Liko vile mpaka leo. Miwani yangu ya kusomea hukaa upande mmoja juu kidogo, na ninalalia upande wowote ninaotaka.

Kwa wale wanawake wawili nasema hivi. Mwenye binti: mpeleke zahanati kesho, usingoje sikio lipungue lenyewe, na umwulize bila kupaza sauti nani alimtoga. Mwenye mtoto mchanga: wahi, siku zinahesabika, na usilifunge mwenyewe kwa nguvu, mtafute mkunga au mwuguzi anayejua. Na mwenye sikio lililokwisha kuharibika, usitegemee litarudi kama zamani. Tegemea usingizi.

Nilirudishwa nyumbani, Mama akiwa amefundishwa kusafisha. Kila alasiri alinikalisha dirishani, akafungua, akapaka dawa, akafunga. Siku ya tatu alichelewa. Alikuja ananukia udi, na udi ulikuwa wa nyumbani kwa Bibi. Akaanza kufungua bendeji. Kisha akasema:

"Nimemwuliza kwa nini alinyamaza."

Niliinua uso nimtazame.

"Anasema siku ile alikutazama pale mkekani, ukawa unatuogopa sisi kuliko unavyoliogopa sikio. Akaona mtoto mwenye homa hawezi kubeba yote mawili." Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na pamba. "Akasema yeye ni mtu mzima, angebeba moja. Alidhani ni kwa siku chache, mpaka upone. Basi hukupona." Akavuta pumzi. "Na mimi nilikuwa nampita pale langoni, Zuwena. Kila siku. Amekaa juani na uji."

Nilianza kulia, na machozi yakaingia nyuma ya sikio, yakachoma.

"Usilie, utaloanisha nyuzi," alisema Mama, naye analia. "Geuza kichwa."

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Bibi alibisha hodi kwetu. Mama alimfungulia, akamwamkia, akamvutia kigoda karibu na dirisha palipokuwa na beseni na shashi. Bibi alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono yake.

"Kaa, Mama," alisema Mama. "Huyu anarukaruka nikimpaka dawa. Nishikie kichwa chake."

Bibi akakaa, akakishika kichwa changu kwa viganja vyote viwili, akakilaza juu ya magoti yake.